Tofauti Ndogo

Mchungaji wa mbuzi mia hana haja ya kuwapiga chapa ili awajue. Mgeni apitaye njiani huona kundi moja, vumbi moja na kelele moja; lakini mchungaji humwona yule mwenye sikio lililokunjamana, na yule atanguliaye mtoni kila siku, na yule aliyefiwa na mama yake wakati wa kiangazi. Mama wa mapacha naye hutazama nyuso mbili ambazo kwa jirani ni uso mmoja, wala hakosei. Macho ya mgeni na macho ya mchungaji ni sawa kwa umbile. Tofauti yao ni kwamba huyu ana haja ya kujua na yule hana. Na haja ndiyo mwalimu wa macho.

Nakusudia katika insha hii kuitetea kazi moja ambayo watu wengi huicheka, nayo ni kazi ya kupambanua mimea midogo ifananayo. Mimi ni mmoja wa watu wapendao makangaga. Nina kioo kidogo cha kukuzia ambacho hukaa mfukoni mwangu kama vile kisanduku cha ugoro kinavyokaa mfukoni mwa mzee. Mara nyingi nimepiga magoti kando ya chemchemi au chini ya mwamba, na wapita njia wameniuliza kama nimepoteza shilingi. Huwajibu kwamba sijapoteza kitu, ila natafuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na uzuri mwingi wa dunia umewekwa mvunguni.

Kangaga ni mmea usio na ua wala mbegu. Mimea yenye maua hujitangaza: hii hujivika nyekundu, ile hujivika manjano, na mtu huweza kuitambua kwa mbali kama atambuavyo bendera. Kangaga halina bendera. Huzaa kwa chembe ndogo mithili ya vumbi, ambazo hukaa katika vifuko. Na kwa makangaga mengi vifuko hivyo hupangwa upande wa chini wa jani, mahali ambapo jicho la haraka halifiki. Kwa hiyo mwenye kuyapambanua makangaga hulazimika kushika alama za unyenyekevu: mpango wa vifuko, mwendo wa mishipa katika jani, umbo la magamba ya shina, na namna ya nywele. Ndiyo maana kazi hii huonekana kama mchezo wa watu wasio na shughuli. Mtu huuliza, "Nywele za jani zitamshibisha nani?" Swali hilo ni la haki, nami sitalikimbia. Nitalijibu kwa habari ya kangaga moja dogo lielealo juu ya maji, ambalo tofauti zake ndogo ziliwagharimu watu wa mabara kadhaa miaka mingi ya taabu.

Jamii ya kangaga hilo huitwa Salvinia, kwa heshima ya Antonio Maria Salvini, mwanachuoni wa Florence aliyeishi tangu 1653 hata 1729. Ni mmea wa ajabu. Hauna mizizi kabisa. Katika kila kifundo cha shina lake huota majani matatu: mawili huelea juu ya maji, yakiwa mviringo na ya kijani, la tatu huning'inia ndani ya maji, limechanikachanika kuwa nyuzi nyingi za hudhurungi, hata atazamaye huapa kwamba ule ni mzizi. Huo si mzizi, ni jani lililojifanya mzizi. Basi hata kabla hatujaanza kupambanua ndugu na ndugu, mmea huu umekwisha kutufundisha kwamba macho yanaweza kudanganywa.

Uso wa juu wa majani yanayoelea umejaa safu za vinundu vidogo, na juu ya kila kinundu huota nywele nne. Chukua kioo uzitazame. Kwa baadhi ya makangaga haya, kama vile Salvinia natans na Salvinia minima, ncha za nywele hizo ziko mbalimbali, kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Kwa baadhi mengine nywele nne hupinda zikakutana ncha zao juu, zikaacha uwazi katikati, kama vidole vya mtu ashikaye embe. Vijitenga hivyo vidogo hunasa hewa na kuyazuia maji yasilowanishe jani. Ukilizamisha kwa kidole, jani huibuka mara moja likiwa kavu, kama mtu aliyetukanwa asijali.

Kundi hilo la pili, lenye nywele zilizokutana ncha, lina ndugu wanne ambao asili yao ni Amerika ya Kusini: Salvinia auriculata, Salvinia biloba, Salvinia herzogii na Salvinia molesta. Wote wanne wana nywele za namna moja. Wote wana majani yafananayo. Mtu awatazamaye kwa pupa atasema ni mmea mmoja, na kwa miaka mingi wataalamu wenyewe walisema hivyo. Aghalabu waliuita Salvinia auriculata, wakaona kazi imekwisha.

Mnamo mwaka 1939 mmoja wa ndugu hao aliletwa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Kutoka mikononi mwa watu mmea ulitoroka ukaingia mifereji na mashamba ya mpunga. Hapa Afrika uliingia katika mto Zambezi. Desemba 1958 lango la bwawa la Kariba lilifungwa, maji yakaanza kupanda na kufunika misitu na mashamba, yakajaa rutuba ya vitu vilivyooza. Mwaka uliofuata kangaga letu lilionekana juu ya ziwa hilo changa. Kufikia 1962 lilikuwa limefunika karibu kilomita za mraba 1,000, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya maji yote ya wakati ule.

Msomaji asistaajabu sana, maana hii ni hesabu ya darasani. Katika maji ya joto yenye rutuba, mmea huu huweza kuongezeka mara mbili kwa siku mbili au tatu. Chukua mche mmoja, uuongeze mara mbili kila siku ya tatu. Baada ya siku thelathini utakuwa na miche 1,024. Baada ya siku sitini utakuwa na miche 1,048,576. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba imejaza ziwa. Na zulia hilo la majani si pambo. Huzuia mwanga na hewa visiingie majini, samaki wakakosa pumzi. Huzuia mitumbwi na nyavu. Huziba mifereji, na hutunza ndani yake mazalio ya mbu.

Watu walipambana nalo kwa mikono, kwa mashua na kwa sumu, wakachoka. Ndipo lilipokuja shauri la hekima: kila mmea una adui wake katika nchi ya kwao, basi na atafutwe mdudu aulaye mmea huu kwao, aletwe alipokimbilia. Shauri lilikuwa jema, lakini lilisimama juu ya jina. Kwao ni wapi? Madhali mmea uliitwa Salvinia auriculata, wataalamu katika miaka ya 1960 walikwenda Trinidad na Guyana, ambako Salvinia auriculata huota. Huko waliwapata wadudu watatu: panzi mmoja, nondo mmoja, na fukusi mdogo aitwaye Cyrtobagous singularis. Wadudu hao walipelekwa nchi mbalimbali, na baadhi yao wakaletwa Afrika. Matokeo hayakulingana na matumaini. Mahali pengi zulia la kijani lilibaki pale pale. Walipeleka barua kwa bidii nyingi na gharama kubwa, lakini anwani juu ya bahasha haikuwa yenyewe.

Wakati huo mtaalamu mmoja wa mimea aitwaye D. S. Mitchell, aliyelichunguza kangaga la Kariba kwa miaka mingi, hakuridhika. Alitazama vifuko vya uzazi vinavyoning'inia majini kwenye lile jani lijifanyalo mzizi. Vilining'inia katika mnyororo mrefu, kimoja baada ya kimoja, kwa namna isiyolingana na ile ya Salvinia auriculata. Ndani ya vifuko hamkuwa na chembe nzima. Zilikuwa zimeharibika au hazimo. Uchunguzi wa hadubini ulionyesha sababu. Katika viini vya seli za mmea huu mna nyuzi za urithi 45, nazo ni mafungu matano ya nyuzi tisa tisa. Nyuzi hizo hutakiwa kukutana mbili mbili ili mmea uzae kwa chembe, na tano haigawanyiki kwa mbili. Kwa hiyo kangaga hili ni tasa. Makangaga yote yaliyotanda Kariba yalikuwa vipande vya vipande, kila kifundo kilichokatika kikiwa mmea mpya. Mwaka 1972 Mitchell aliutangaza kuwa aina ya peke yake, akauita Salvinia molesta, maana yake salvinia yenye kuudhi. Jina hilo si la matusi, ni la haki.

Sasa swali la kwao ni wapi liliulizwa upya. Mwaka 1978 wataalamu wawili kutoka Australia, Wendy Forno na Ken Harley, waliupata mmea huo ukiota porini kusini-mashariki mwa Brazil, mbali sana na Trinidad. Juu yake walimkuta fukusi mweusi mwenye urefu wa milimita mbili hivi. Walimdhania kuwa ni yule yule Cyrtobagous singularis wa zamani, maana kwa macho walifanana kama punje mbili za mtama. Mwaka 1980 fukusi hao waliachiliwa katika ziwa Moondarra, huko Queensland. Fukusi wakubwa walikula machipukizi, na mabuu yao yakatoboa mashina kwa ndani. Kabla ya mwaka 1981 kwisha, maelfu ya tani ya magugu yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo na kuzama.

Watu walifurahi, kisha wakauliza: mbona fukusi huyu afanye kazi ambayo ndugu yake aliishindwa? Basi walimchunguza kwa kioo, kama Mitchell alivyolichunguza kangaga. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba naye ni aina ya peke yake, akaitwa Cyrtobagous salviniae. Angalia, msomaji, jinsi fumbo lilivyokuwa mara mbili: mmea ulijificha nyuma ya jina la ndugu yake, na adui yake akajificha nyuma ya jina la ndugu yake pia. Milango miwili ilifungwa kwa kufuli moja, na ufunguo wake ulikuwa tofauti ndogo.

Fukusi huyo alipelekwa Papua New Guinea, katika mto Sepik, ambako zulia la salvinia lilikuwa limewafungia watu wa vijijini njia ya kwenda kuvua, kwenda sokoni na kwenda kupata matibabu, hata baadhi yao wakahama. Katika muda wa miaka michache njia za maji zilifunguka. Mwaka 1985 kazi hiyo ya Waaustralia ilipewa tuzo ya sayansi ya UNESCO.

Nasi hatukuwa watazamaji tu. Ziwa letu la Naivasha lilivamiwa na kangaga hilo hilo tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na kwa muda mrefu visiwa vyake vya kijani vilisukumwa na upepo kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Fukusi wa Brazil aliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na salvinia ikapungua. Lakini nafasi haikai tupu: gugu maji, lile lenye maua ya zambarau, lilikuwa limekwisha kuonekana ziwani tangu 1988, na leo ndilo linalowasumbua wavuvi.

Nilipokwenda Naivasha nilitembea ufuoni nikichungulia katikati ya magugu hayo, mpaka nikapata vipande vichache vya salvinia. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akipanga samaki wake karibu nami, alinitazama nikiweka kioo jichoni, akacheka.

"Mwalimu," aliniambia, "hayo yote ni magugu tu. Kuna haja gani ya kuyahesabu nywele?"

Nilimwuliza, "Na hao samaki, Mzee, si wote ni tilapia tu?"

Aliinua mmoja upesi, kama mtu aliyesingiziwa jambo. "La! Huyu tumbo lake ni jekundu, hula majani. Yule ni mwingine kabisa. Hata mahali pa kuwategea si pamoja. Asiyewajua atalala njaa."

Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa amenipa hoja yangu kwa maneno mafupi kuliko yangu. Yeye alikuwa mpambanuzi hodari kuliko mimi. Ila yeye alipambanua alichokula, nami nilipambanua kilichokula ziwa lake.

Hata hivyo sitaki kijana asomaye insha hii adhani kwamba kila tofauti ni tofauti. Hapa ndipo kazi ilipo ngumu. Salvinia molesta peke yake, bila ya ndugu zake, huwa na sura tatu. Ikiwa chache katika maji ya wazi, majani yake ni madogo, yamelala bapa juu ya maji, na vifundo vyake viko mbalimbali. Ikianza kusongamana, majani hukua na kukunjika kidogo katikati kama mashua. Ikibanana kabisa, majani huwa makubwa, hukunjwa na kusimama wima yakisukumana kama abiria ndani ya matatu. Mtu asiyejua atachukua sura hizo tatu akatangaza aina tatu, na atakuwa amekosea vibaya kama yule aliyechukua aina nne akaziita moja. Ukubwa wa jani ni habari ya hali. Mpango wa vifuko ni habari ya nasaba. Mtu aliyekonda kwa njaa hawi kabila jingine, wala hawi ndugu wa kila mtu aliyekonda.

Kwa hiyo ziko pupa mbili, na zote mbili ni adui wa elimu. Pupa ya kwanza husema, "Vinafanana, basi ni kimoja." Pupa ya pili husema, "Vimetofautiana, basi ni viwili." Mpambanuzi wa kweli hukaa katikati akauliza: je, tofauti hii hudumu? Ukiuhamisha mmea kutoka kivulini hadi juani, kutoka msongamano hadi uwazi, alama yake hubaki au hupotea? Hatazami mche mmoja, bali mingi; hatazami michanga tu, bali na iliyokomaa; wala haridhiki na alama moja ikiwa anaweza kupata tatu zisemazo neno moja.

Kazi hii haihitaji mali nyingi. Kioo cha kukuzia, daftari, kalamu na magazeti makuukuu ya kukaushia majani vyatosha kuanzia. Andika siku, mahali, na kama palikuwa pa jua au pa kivuli, majini au mwambani, kwa sababu mmea uliokaushwa hautakumbuka badala yako. Pale Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, imo hazina ya mimea iliyokaushwa ambayo ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Kila jani lililomo lina karatasi isemayo nani aliliokota, wapi na lini. Kazi ya kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ilitegemea karatasi kama hizo. Watu walioanza kazi hiyo wakiwa vijana waliiacha wakiwa wazee, na wengine hawakuuona mwisho wake. Hata hivyo misitu na vinamasi vyetu bado vina makangaga mengi yanayongoja kupigiwa magoti. Baadhi huota mahali pachache mno. Na mtu akiyachanganya na ndugu zao walio wengi, yatatoweka bila ya mtu kujua kwamba yaliwahi kuwako. Hatuwezi kulilinda tusilolitambua.

Kupambanua ni tabia kabla ya kuwa elimu. Aliyezoea kutazama nywele nne za jani dogo kabla ya kulitaja jina lake hatakuwa mwepesi wa kusema kwamba watu wa mahali fulani wote ni wamoja, wala kwamba maradhi mawili yenye homa yana dawa moja, wala kwamba habari mbili zifananazo zina ukweli sawa. Atangoja kidogo, atasogea karibu, atatazama tena. Kungoja huko ni kufupi, lakini ndani yake ndimo ziwa zima hupona au hupotea.